Roketi Irejeayo: Historia Itazamwayo kutoka Wandegeya

Mwaka 1922 kilifunguliwa juu ya kilima cha Makerere chuo kidogo cha ufundi, chenye wanafunzi 14 waliokuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Na mwaka 2022, chuo hicho, ambacho sasa ni chuo kikuu chenye sifa katika bara zima, kilipokuwa kikiadhimisha karne yake ya kwanza kwa taadhima kubwa, na mtaa wa Wandegeya ulio miguuni pake ukiendelea na kazi yake ya miaka mingi ya kuwalisha wanafunzi, kuwapangisha vyumba na kuwachapishia tasnifu zao, nchi ya Uganda ilipeleka angani setilaiti yake ya kwanza. Jina lake lilikuwa PearlAfricaSat-1, nayo ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uliosanifiwa na kuundwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani na wahandisi watatu raia wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke. Roketi iliyoibeba, iitwayo Antares, iliondoka katika kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia nchini Marekani, tarehe 7 Novemba 2022, saa saba na dakika 32 mchana kwa saa za Kampala, baada ya safari kuahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya king'ora cha moto kilicholia katika jengo la waongozaji. Na tarehe 2 Desemba mchemraba ule ulisukumwa nje ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, pamoja na ZimSat-1 ya Zimbabwe na TAKA ya Japani, ukaanza kuizunguka dunia peke yake.

Walioandika habari hiyo waliusifu mchemraba na waliouunda, na walifanya haki. Chombo kilichoubeba hakikupata hata sehemu ndogo ya maneno hayo, ilhali nacho kina habari inayostahili kusimuliwa kwa kirefu. Injini mbili za Antares ziliwaka kwa dakika tatu na kitu, kisha sehemu yote ya chini ya roketi, pamoja na injini hizo ambazo mafundi walizishughulikia kwa miezi mingi, ikaachwa ianguke katika Bahari ya Atlantiki isionekane tena. Wakati huohuo, upande wa kusini wa pwani ileile ya Marekani, roketi za aina nyingine zilikuwa zikipanda, zikiachilia shehena, na kurejea kusimama kwa miguu yake, zikangoja kupakiwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Historia ninayokusudia kuisimulia ni ya tofauti baina ya vyombo hivi viwili, kwa kuwa naamini kwamba tofauti hiyo, kuliko jambo jingine lolote lililotukia katika fani ya anga kwa miaka 40 iliyopita, ndiyo iliyozifungulia nchi zetu mlango.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini roketi zilikuwa zikitupwa. Kubaki angani si suala la kupanda juu tu, bali ni suala la kasi. Chombo kinachotaka kuizunguka dunia kwa karibu, kisipofikia kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, kitaanguka. Mwalimu Mrusi aitwaye Konstantin Tsiolkovsky alikwisha kuonyesha kwa hesabu, mwaka 1903, kwamba ili kuipata kasi ya namna hiyo roketi sharti iwe karibu yote ni mafuta. Na ndivyo ilivyo hata leo, kwamba katika uzito wa roketi iliyosimama tayari kuruka, takribani sehemu tisa kwa kumi ni mafuta na oksijeni, zinazosalia ni chuma na injini, na shehena yenyewe hupata asilimia chache mno. Basi ukiiongezea roketi miguu ya kutulia, mapezi ya kujiongozea, na akiba ya mafuta ya kurudia, uzito huo wote unautoa katika fungu la shehena, ambalo tangu mwanzo lilikuwa dogo. Kwa hoja hiyo, ambayo kwa hakika haikuwa ya kipumbavu, wenye maarifa wa mataifa makubwa waliridhika kwa muda mrefu kwamba kutupa ni nafuu kuliko kurudisha.

Lakini hesabu ya uzito si hesabu ya fedha. Anayenunua soda ya chupa katika duka lolote la Wandegeya, akitaka kuondoka nayo, huambiwa aache chupa nyingine tupu au aweke fedha ya chupa, kwa sababu mwenye duka anajua kwamba kilicho ghali mkononi mwa mteja ni kioo, si kinywaji. Na lau kila chupa ingevunjwa baada ya kunywewa mara moja, bei ya soda isingekuwa bei ya wanafunzi. Roketi ni vivyo hivyo. Mafuta ya Falcon 9, roketi ambayo safari yake hutozwa zaidi ya dola milioni 60, yametajwa na mwenye kampuni yake kuwa ni ya dola laki chache tu. Gharama iliyobaki, aghalabu, ni ya chombo chenyewe.

Afrika Mashariki iliyaona mambo haya kwa macho yake mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma aliliweka baharini jukwaa la chuma lililoitwa San Marco, na mnamo tarehe 26 Aprili 1967 ikarushwa hapo setilaiti ya San Marco 2. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, nayo kwa ajili ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru; elimu iliyopatikana kwayo ilikuwa miongoni mwa sababu za Riccardo Giacconi kutunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Mahali pale palichaguliwa kwa hekima, kwa kuwa dunia huzunguka kwa kasi zaidi penye ikweta, takribani kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irukayo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, huku mbele yake kukiwa na Bahari ya Hindi isiyokaliwa na watu. Wandegeya nayo haizidi kilomita 40 kutoka mstari huo, ila haina bahari ya kuangushia vipande. Hadi shughuli ziliposita mwaka 1988 zilikuwa zimerushwa Malindi roketi tisa za kupeleka vyombo katika mzingo wa kuizunguka dunia, zote za aina ya Scout, zenye sehemu nne za mafuta makavu, wala hakuna hata moja iliyorejea.

Jaribio kubwa la kwanza la kurudisha lilikuwa la serikali ya Marekani. Chombo kilichoitwa Space Shuttle kiliruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981, kikiwa na mbawa za kurejea kutua kama ndege, na roketi mbili za pembeni zilizoshuka baharini kwa miavuli na kuvutwa pwani na meli. Tangi kubwa la mafuta peke yake ndilo lililotupwa. Ahadi ilikuwa kwamba safari zingekuwa nyingi na nauli ndogo, na kwa muda chombo hicho kilizibeba hata setilaiti za kibiashara. Mambo hayakuwa hivyo. Kila kiliporudi kilihitaji kukaguliwa kwa miezi, kigae kwa kigae, navyo vigae vyake vya kukinga joto vilizidi 20,000. Na baada ya Challenger kulipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuwaua watu wote saba waliokuwamo, shehena za kibiashara ziliondolewa humo. Katika miaka 30 ziliruka safari 135, zikapotea roho 14, na wengi wakatoka na hukumu kwamba kutumia roketi tena ni ghali kuliko kuitupa. Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haraka: kilichoshindwa ni chombo kinachorejea bila kuwa tayari kuondoka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kampuni ya SpaceX iliasisiwa mwaka 2002 na Elon Musk, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini. Roketi yake ndogo, Falcon 1, ilishindwa mara tatu mfululizo katika kisiwa cha Omelek kwenye Bahari ya Pasifiki, mwaka 2006, 2007 na 2008, mpaka tarehe 28 Septemba 2008 ilipofika katika mzingo. Na mwezi wa Desemba mwaka huohuo shirika la anga la Marekani, NASA, liliipa kampuni mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za kupeleka mizigo katika Kituo cha Anga. Yafaa msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwamba biashara hii inayosifiwa kuwa ni ya watu binafsi ilisimama kwa fedha za umma, nazo zilitolewa wakati ilipokuwa karibu kuanguka.

Falcon 9, yenye injini tisa chini yake na urefu ambao sasa ni takribani mita 70, iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Juni 2010. Hapo mwanzo walitumaini kuirudisha sehemu ya chini kwa miavuli, lakini hewa iliipasua kabla miavuli haijafunguka. Ndipo walipogeukia njia iliyoonekana kwa wengi kuwa ni wazimu: kuishusha kwa nguvu ya injini zilezile zilizoipandisha. Sehemu ya chini, ikiisha kuachana na ya juu baada ya dakika mbili na nusu hivi, hujigeuza angani. Huwasha injini tatu kupunguza kasi kabla ya kuingia katika hewa nzito. Hujiongoza kwa mapezi manne yenye matundu kama wavu. Na mwishoni huwasha injini moja, ikatoa miguu minne, na kusimama. Ugumu wake ni kwamba chombo kikiwa kimekwisha mafuta karibu yote huwa chepesi mno, hata nguvu ndogo kabisa ya injini ile moja hushinda uzito wake. Hakiwezi kuning'inia hewani kikitafuta mahali pa kutua, bali sharti kifike ardhini na kasi yake ikome katika nukta moja. Kikichelewa, kitaigonga ardhi, na kikiwahi, kitaanza kupanda tena.

Waliufanyia mazoezi ujuzi huo huko McGregor, Texas, mwaka 2012 na 2013, kwa chombo walichokiita Panzi, ambacho kiliruka na kutua palepale, mara ya mwisho kikafika mita 744. Kisha wakajaribu baharini, juu ya tishari kubwa lisilo na baharia. Tarehe 10 Januari 2015 roketi ililifikia tishari lakini majimaji ya kuendeshea mapezi yakawa yamekwisha, ikaanguka kwa kishindo; mwezi wa Aprili ilisimama kwa nukta chache, ikapinduka; na tarehe 28 Juni roketi nzima ililipuka ikiwa inapanda, na shehena ya Kituo cha Anga ikateketea. Kampuni nyingine, Blue Origin, ilifaulu tarehe 23 Novemba kuitua roketi yake New Shepard, ila hiyo ilikuwa ya kupanda na kushuka tu, isiyofikia kasi ya mzingo. Usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, huko Cape Canaveral, Falcon 9 ilizipeleka katika mzingo setilaiti 11 za kampuni ya Orbcomm, na dakika kumi hivi baada ya kuruka sehemu yake ya chini ilirejea na kusimama juu ya saruji, nzima. Jambo hilo halikuwa limetendeka kabla ya siku hiyo.

Tarehe 8 Aprili 2016 sehemu ya chini ya roketi ilitua kwa salama juu ya tishari kwa mara ya kwanza, baada ya kukipeleka katika Kituo cha Anga chombo cha mizigo kiitwacho Dragon. Na vyombo hivyo viwili, roketi na Dragon, vyote vina sehemu katika mambo yanayofuata. Roketi ileile iliruka tena tarehe 30 Machi 2017, ikiibeba setilaiti ya SES-10 ya kampuni ya Luxembourg, ikawa roketi ya kwanza kupeleka shehena katika mzingo mara mbili kwa njia hii, na ikatua tena. Baina ya tarehe hizo mbili ulitukia msiba uliogusa hata bara letu, kwani tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 iliyokuwa ikijazwa mafuta kwa majaribio ililipuka na kuiteketeza AMOS-6, setilaiti ambayo kampuni ya Facebook, ikishirikiana na Eutelsat, ilikusudia kuitumia kuleta intaneti katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Naye Mark Zuckerberg siku hizo alikuwa ziarani Afrika, akitangaza kusikitishwa kwake.

Dragon ile ya Aprili 2016 ilirudishwa duniani, ikatengenezwa, ikapandishwa tena tarehe 2 Aprili 2018 juu ya roketi ambayo nayo ilikwisha kuruka mwezi wa Agosti uliotangulia. Ndani yake, miongoni mwa mizigo ya Kituo cha Anga, ilikuwamo 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uliotengenezwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Japani na kwa ushirikiano na Sapienza, chuo kilekile cha Profesa Broglio. Nao ukaachiliwa tarehe 11 Mei 2018. Kwa hiyo setilaiti ya kwanza ya Kenya ilisafiri ndani ya chombo kilichokwisha kutumika, juu ya roketi iliyokwisha kutumika, miaka 51 baada ya Malindi kuanza kurusha roketi za kutupwa. Siku hiyohiyo ya Mei iliruka kwa mara ya kwanza Falcon 9 ya muundo mpya, uliokusudiwa kurudia safari mara kumi na zaidi, ikiwa na setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya Bangladeshi.

Tangu hapo mwendo ulikuwa wa haraka. Mwaka 2019 SpaceX ilitangaza safari za kuchangia, zenye nauli ya dola milioni 1 kwa shehena ya kilo 200, na safari ya kwanza ya namna hiyo, Januari 2021, ilibeba vyombo 143 kwa mkupuo. Tarehe 3 Juni 2021 ilipanda MIR-SAT1, setilaiti ya kwanza ya Mauritius, juu ya roketi iliyokuwa mpya siku hiyo, nayo roketi hiyo hadi mwisho wa mwaka 2025 ilikuwa imekwisha kuruka zaidi ya mara 30. Tarehe 15 Aprili 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa za Nairobi, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, iliruka kutoka Vandenberg, California, Taifa-1 ya Kenya, setilaiti ya kuitazama ardhi na mazao, iliyoundwa na kampuni ya SayariLabs pamoja na EnduroSat ya Bulgaria. Roketi iliyoipandisha ndiyo iliyokuwa imekipeleka, mwaka 2021, chombo cha DART kilichotumwa kuigonga sayari ndogo, na asubuhi ile ilirejea ikatua karibu na mahali ilipoondokea.

Hapo ndipo ninapoirudia Antares ya Uganda. Sehemu yake ya chini ilikuwa ikiundwa Dnipro, Ukraine, na injini zake Urusi. Vita vikubwa baina ya nchi hizo vilipozuka Februari 2022 zilikuwa zimebaki roketi mbili tu, moja ikaibeba PearlAfricaSat-1, na ya pili ikaruka Agosti 2023, ikawa ya mwisho wa muundo ule. Chombo cha mizigo cha Cygnus, ambacho ndicho kilichokuwa tumbo la safari ya Uganda, kilibaki bila roketi yake. Tarehe 30 Januari 2024 Cygnus iliyofuata ilipanda juu ya Falcon 9, roketi ya washindani. Laiti wahandisi wetu watatu wangekamilisha kazi yao miezi 15 baadaye, huenda setilaiti ya kwanza ya Uganda nayo ingepandishwa na roketi irejeayo.

Wako watakaosema kwamba haidhuru, maadamu setilaiti ilifika. Nawakumbusha kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, ambako tarehe 30 Desemba 2024 lilianguka kutoka angani pete la chuma lenye upana wa mita 2.5 na uzito wa takribani kilo 500, ambalo Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Kwa rehema za Mungu hakudhurika mtu. Dhana kwamba kitupwacho juu huanguka mahali pasipo watu ni dhana ya waliokaa mbali na mahali hapo. Na hata Falcon 9 haijatoka katika lawama hii, kwa sababu hurejesha sehemu ya chini na kifuniko cha shehena tu, ilhali sehemu ya juu bado hutupwa kila safari.

Jambo la pili linalonitia hofu ni umoja wa mwenye mlango. Katika mwaka 2024 Falcon ziliruka zaidi ya mara 130, na nyingi zilibeba setilaiti za Starlink za SpaceX hiyohiyo, ambayo tangu 2023 inauza intaneti Rwanda na Kenya. Yaani mwenye chombo, mwenye shehena na mwenye duka ni mmoja. Blue Origin imefaulu kuitua roketi yake kubwa, New Glenn, juu ya tishari tarehe 13 Novemba 2025, na jambo hilo ni la kushukuriwa, kwani nauli hushuka kwa kudumu pale tu wasafirishaji wanaposhindana.

Kwa hiyo nawaomba wenye madaraka katika sayansi, Kampala, Nairobi, Dodoma na Kigali, wasiridhike na kununua nauli. Waliopelekwa Japani walipelekwa kujifunza setilaiti. Wapelekwe sasa wengine wakajifunze injini, mafuta ya baridi kali na hesabu ya kutua, na warudipo wakute karakana. Jumuiya ya Afrika Mashariki iketi na Kenya na Italia juu ya Ngomeni, ambako majukwaa yamesimama bila kurusha roketi tangu 1988. Na wewe mwanafunzi usomaye haya katika chumba chako cha Wandegeya, ukiwa katika hisabati, fizikia au umakanika, ijue hesabu ya Tsiolkovsky kabla hujamaliza masomo. Imo katika vitabu vya maktaba, na haihitaji fedha ya mtu yeyote kuianza.